Mke wa Ng'ambo ya Mpaka

Siku Trela alipoliegesha lile gari mbele ya nyumba yake, majirani walitoka wakasimama kimya kama watu wanaotazama ajali. Lilikuwa gari kuukuu la kusambazia mikate. Alilinunua likiwa tupu ndani, akalikalia miezi mingi kwa msumeno na nyundo mpaka likawa chumba. Kitanda cha mbao kilikuwa ubavuni, jiko la gesi limefungwa kwa boliti lisiruke kwenye mashimo, na dumu la maji lilikaa juu ya paa, mpira wake ukishuka hadi kwenye beseni la kuoshea vyombo. Mpaka sasa, jua likiwaka, bati lake lilitoa harufu ya hamira.

Trela halikuwa jina lake, bali lilimganda tangu ujana, alipoanza kuendesha malori ya masafa marefu, na sasa alikuwa amestaafu akiwa na mgongo unaolia kama mlango. Kwa umri wake wote wa kazi alikuwa amemsimulia mkewe nchi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya tambarare, ambako barabara imenyooka mpaka dereva anajihisi amesimama na dunia ndiyo inayokwenda. Ya pili ilikuwa ya milima na mvua nyembamba isiyokatika. Ya tatu, aliyoipenda kuliko zote, ilikuwa ya ziwa kubwa, ambako, alisema, mtu anaamka asubuhi na maji yako mlangoni kama mgeni anayeona haya kubisha hodi. Sasa angemzungusha mkewe zote, wakilala ndani ya gari lao, wakipika chai popote jua litakapowakuta.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na wateja walimwita Mama Cherehani. Watu walidhani angekataa, kwa sababu alikuwa hata harusini haendi kama ni mbali. Alikubali siku ileile, akachukua futi yake na kwenda kupima madirisha ya gari ashone mapazia.

Ni wifi yake tu, dada wa Trela, aliyejua kwa nini. Wawili hao walitaniana kwa ulimi mkali tangu siku ya ndoa.

"Zamani trela lilikuwa lori," wifi alimwambia, huku akimshikia kitambaa. "Leo trela ni wewe, wifi yangu. Unakokotwa."

"Nikokotwe tu. Mimi naenda kumwona mwenzangu."

Wifi aliacha kucheka.

Mama Cherehani aliamini kwamba mumewe ana mke mwingine ng'ambo ya mpaka. Hakuambiwa na mtu, ingawa mtaa mzima ulijua wanavyosema kuhusu madereva. Aliambiwa na mashati. Yeye kifungo chenye matundu manne hukishona kwa mistari miwili inayokwenda sambamba, kama fundi wake alivyomfundisha. Mumewe alikuwa akirudi safarini na vifungo vilivyoshonwa kwa msalaba, uzi umezungushwa chini yake mpaka ukafanya kijishingo, na fundo limefichwa lisionekane hata ukigeuza nguo. Safari moja alirudi na kola iliyokuwa imechakaa, sasa imefumuliwa na kugeuzwa, upande mzima umetokeza nje, yote kwa mkono. Kola haigeuzwi na mtu mwenye haraka. Huyo ni mtu anayekupenda, aliyekaa kibarazani mchana kutwa na shati lako mapajani. Mama Cherehani alilishika lile shati, akajua ameshindwa kazi yake mwenyewe na mwanamke asiyemjua.

Tangu hapo mumewe aliporudi alimtandikia sebuleni. Alimpikia, alimfulia, alimjibu anachouliza, basi. Kitinda mimba wao alipofariki kwa homa, Trela alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpaka, akafika watu wameshazika. Mkewe alimkuta mlangoni na vumbi lake, akamwambia, "Rudi ulikozoea kulia." Trela aligeuka, akaenda kukaa ndani ya lori. Watu walimwona ameinamia usukani, wakasema ana roho ngumu, hata ndani hakuingia.

Kwa hiyo Mama Cherehani hakufunga virago kwa ajili ya ziwa. Alitaka kumwona yule mwanamke uso kwa uso, sasa wote wameshazeeka, amuulize jambo moja tu: ulimpa nini hata mimi nikabaki na mabaki?

Katika nchi ya tambarare alianza kazi. Alimwomba mumewe ampeleke alikokuwa akila. Trela alifurahi kama mtoto, akampeleka kwenye mgahawa kando ya uwanja wa malori, akaingia akisalimu kwa sauti ya mtu aliyerudi kwao. Mwenye mgahawa, mama mnene mwenye kalamu sikioni, alimtazama kama anavyotazama mteja yeyote, akamuuliza chai ya maziwa au ya rangi. Trela alimkumbusha meza ya pembeni, akamkumbusha mwaka wa mafuriko walipokwama hapo wote. Yule mama alitabasamu kwa adabu. Madereva ni wengi, baba, alisema, na wote wanafanana kwa uchovu.

Mama Cherehani alikunywa chai yake na kumpigia hesabu yule mama. Wamepangana, alijiambia, hawa ni waigizaji. Akachungulia mpaka jikoni. Hakuona kitu isipokuwa sufuria.

Katika nchi ya milima Trela alimtafuta mchomeleaji aliyekuwa, kwa maneno yake, ndugu yake kabisa. Walikuta kibanda kimekuwa duka la simu. Msichana wa dukani hakujua kama hapo paliwahi kuwa na mchomeleaji. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha kweli, kama alivyosimulia, na Trela alisimama ndani yake muda mrefu akitazama ukuta, akitafuta hata doa la masizi. Siku hiyo aliendesha bila kusimulia chochote. Wifi akapiga simu jioni kuuliza kama ameshamwona, na Mama Cherehani akajibu kwamba bado, labda ni yule wa ziwani. Nchi ya mwisho. Si ndiyo anayoipenda kuliko zote?

Ziwa lilikuwepo. Walipanga mahali kwenye kiwanja cha wasafiri, katikati ya magari-nyumba meupe makubwa yenye viyoyozi, na la mikate likajibanza kati yao kama mtumishi kwenye picha ya familia. Wastaafu wawili wa gari la jirani, mume na mke, walikuja na viti vyao vya kukunja, wakaomba wasimuliwe nchi ipi ni nzuri kuliko zote kwa mtu anayetembea na nyumba yake. Wao walizipanga kwa machweo na bei ya divai. Trela alifikiri kidogo.

Akawaambia ya kwanza ni hii. Kwenye uwanja wa malori wa hapa kulikuwa na taa, kwa hiyo wezi wa dizeli hawakuja, na dereva aliweza kulala akafumba macho yote mawili. Ya tambarare inafuata kwa sababu bomba la maji lilikuwa karibu. Ya milima aliipenda kwa sababu ya baridi, maana kwenye joto kibanda cha lori hakilaliki, magoti yanabanwa na usukani na jasho linaingia machoni. Wastaafu walicheka, wakidhani ni utani. Hakuwa anatania. Hizo ndizo nchi alizozijua. Kampuni iliyomtumia mpaka uti wa mgongo ukapinda ilimpa fulana yenye nembo na barua ya onyo kila alipochelewa, lakini chumba cha kulala haikumpa hata siku moja. Mzigo ulikuwa na bima. Aliyeubeba aliambiwa ashukuru ana ajira. Na ziwa hili alilolisifu maisha yake yote alikuwa akiliona kupitia kioo cha mbele, kutoka kwenye foleni.

Mama Cherehani alisikia yote, lakini akajikaza. Aliondoka asubuhi ya pili kwenda kufua kwenye mabomba ya kiwanja. Kumbe maji yalikuwa yamekatika, akageuka na beseni lake.

Trela alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa gari, miwani imeteleza mpaka ncha ya pua, shati mapajani. Sindano ilikuwa inakwenda bila yeye kuifikiria. Ikapanda, ikavuka, ikashuka, ikavuka tena. Msalaba. Kisha akazungusha uzi chini ya kifungo, mara moja, mara mbili, akaupitisha upande wa ndani na kulificha fundo. Alipomwona mkewe alilisukuma shati nyuma ya mgongo kama mwizi.

Mama Cherehani aliweka beseni chini. Alinyoosha mkono, akapewa shati, akaligeuza ndani nje. Hakuhitaji kuangalia mara mbili. Mkono wa mtu aliujua kama wengine wanavyojua sauti.

"Hii kazi nani alikufundisha?"

"Mpaka," alisema Trela. "Mnakaa pale siku hata wiki. Wengine walicheza karata."

"Na ile kola?"

"Ilinichukua foleni nzima."

Alitaka kukaa, akakosa pa kukaa, akabaki amesimama juani na shati mkononi. Mara sebule yote ikamjia, na mkeka aliotandika, na mlango, na mtu mwenye vumbi aliyefika amechelewa kumzika mwanawe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia." Trela hakupandisha sauti. "Lile shati la kijani. Nikakwambia nimeshona mwenyewe. Ulicheka mpaka ukamwita dada aje asikie."

Alikumbuka. Alikumbuka hata walivyoshikana mabega, yeye na wifi yake, machozi ya kicheko yakiwatoka: eti kashona mwenyewe, mikono kama koleo! Basi hakukuwa na mtu. Miaka yote alimchukia mwanamke, akampa sura, akampa sauti na kibaraza cha kukalia, na kibarazani hapo alikuwa amekaa mumewe peke yake, akishona vifungo ili arudi nyumbani nadhifu.

Neno la kusema lilikuwepo, na si refu. Kabla hajalisema simu ikalia mfukoni mwa gauni lake, naye akaipokea upesi kama mtu aliyetupiwa kamba. Alikuwa wifi.

"Haya, umemwona?"

Mama Cherehani alimtazama mumewe. Kumwambia wifi hapana kulikuwa kusema kwamba aliiharibu nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto alizikwa, na baba yake akafukuzwa msibani kwa ajili ya vifungo vya shati.

"Nimemwona," alisema.

"Wee! Yukoje?"

"Mtu mzima tu. Amechoka." Alilikunja lile shati. "Anashona vizuri kuliko mimi."

Upande wa pili wifi alipiga kelele kwamba si aliwaambia, kwamba lazima wakubwa wa ukoo wakae, kwamba na kijana wao mkubwa, aliyebaki, lazima amjue baba yake ni mtu wa namna gani. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye ngazi. Mama Cherehani alikata simu.

Trela alichomeka sindano kwenye kikebe chake, akafunga kifuniko.

"Mwanangu ataamini," alisema.

"Aliamini zamani, tangu siku ya msiba."

Trela aliinuka. Alizunguka gari akikagua matairi, akafungua mpira wa maji, akakaza boliti za jiko, kila kitu mahali pake kama alivyofanya katika viwanja vyote vya malori. Wastaafu wa jirani waliwapungia wakishangaa, maana siku walizopanga zilikuwa bado hazijaisha. Mama Cherehani alikwenda mpaka mlango wa mbele, akashika kitasa, akaona hawezi. Alipanda nyuma, akakaa kitandani kati ya mapazia aliyoyashona. Gari liliponguruma alikiona kisogo cha mumewe, chembamba, chenye mvi, kimenyooka. Ndivyo kilivyokuwa siku zote hizo huko barabarani, na pembeni yake kiti kitupu.