Siku Nilipopimwa Pamoja na Nyama ya Mbuzi

Ukija mtaani kwetu Mowlem usikie watu wakiniita Nusu Kilo, usidhani ni mwili wangu wanaousema. Hilo jina nilijitafutia mwenyewe, mbele ya umati, na aibu yake bado inanichoma masikio, kwa hivyo wacha nikusimulie mimi kabla hujasimuliwa na wengine, maana wao huongeza chumvi.

Kazi yangu ni ya maabara. Mtu akileta nyama, tunakata kipande kidogo, tunatoa DNA iliyomo, tunaizidisha kwenye mashine mpaka iwe nakala nyingi, halafu tunaisoma na kuilinganisha na ya wanyama tunaowajua. Na kazi yenyewe naijua, sitajifanya mnyonge hapa.

Sasa, mtaani kukazuka uvumi kwamba Baba Mutuku mwenye bucha anauza nyama ya punda. Huyu ni mzee mpole, mama yangu amenunua nyama kwake tangu niko shule ya msingi. Wateja wakamwishia, na vijana wakaanza kusema hiyo bucha ichomwe. Kwenye mkutano wa mtaa nikasimama, nikawaambia tusibishane, nipewe kipande na DNA itasema yenyewe. Walinipigia makofi, nami nikayapokea.

Mama Shiru, mwenyekiti wetu, akaamua twende sote buchani, nyama ikatwe kila mtu akiona. Kufika pale nagundua glavu nimezisahau kwa nyumba, na nyumba yangu iko juu kabisa ghorofani, na watu wote wananitazama kama daktari bingwa. Nikaona nikirudi nitaonekana sijajipanga. Nikashika nyama kwa vidole, na kimfuko cha plastiki cha kutilia sampuli kilipokataa kufunguka nikalamba kidole (kama mama mboga anavyofanya), nikakifungua, nikakipuliza ndani kidogo, nikatia nyama, nikaipeleka maabara. Shida ikawa imeisha, au ndivyo nilivyodhani.

Majibu yalikuja Jumamosi tukiwa tumekusanyika tena nje ya bucha, na Mama Shiru ameazima spika ya kanisa. Simu ikaita. Alikuwa Otieno, mwenzangu wa maabara. Mtu mwenye akili angesogea kando kwanza asikilize. Mimi nikaweka laudispika, nikaiweka simu mbele ya maikrofoni, nikawakonyeza.

"Njeri, ile nyama yako nimeisoma," Otieno akasema, mtaa mzima ukisikia. "Punda hakuna. Ni mbuzi. Lakini kuna kitu kingine. Kuna DNA ya binadamu."

Na hapo hapo simu ikakatika.

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kutapika, na jamaa mmoja akasema polepole, "Wasee, tumekuwa tukila watu." Umati ukasogea. Mama Mutuku akamshika mumewe mkono, na yule mzee hakukimbia, alinitazama tu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ulikuja kuniokoa ama kunimaliza?"

Sijawahi kuogopa vile. Nikapanda juu ya kreti ya soda mlangoni pa bucha, nikiwazibia njia, huku nampigia Otieno simu. Otieno aliposhika, nikataka kuongea naye pembeni, lakini yule jamaa akasema, "Rudisha laudi. Tusikie sisi wote." Nikarudisha.

"Otieno, huyo binadamu ni nani?"

"Ndiyo nilikuwa nakuambia mtandao ukapotea," akasema. "Unajua hapa DNA zetu wafanyakazi zimehifadhiwa, ndiyo tukichafua sampuli tujijue. Nimelinganisha. Ni wewe. Sasa niambie, uliishika bila glavu, ama uliitafuna kwanza?"

Kwa spika ya kanisa.

Nikakiri yote, kidole, mate na pumzi, nikiwa bado juu ya kreti. Mama Shiru ndiye alianza kucheka, akafuatwa na wengine, mpaka yule aliyetapika, na sauti moja ikauliza kama mimi nauzwa na mfupa au nusu kilo ya steki. Nilicheka pia. Ningefanya nini? Kila aliyekuwa akicheka alikuwa hatafuti kiberiti.

Otieno alikuja mwenyewe na glavu na barakoa kuchukua kipande kingine, na kikatoka mbuzi mtupu. Wateja wa Baba Mutuku walirudi, ila mzee alikaa muda mrefu kabla ya kunisalimia kama zamani, na sikumlaumu.

Nilichojifunza ni kwamba DNA haidanganyi, na haifichi siri ya mtu, hata ya yule aliyeileta. Bado naiamini kazi yangu, na mtaa ukiniita kesho nitasimama tena. Lakini simu ya maabara siku hizi naipokea peke yangu, mlango nimefunga, na nikishasikia mpaka neno la mwisho ndipo nafungua mdomo.