Moto wa Kijani Chini ya Kitanda

Vijana wanaopita mbele ya ghala kuu siku hizi hawajui kwamba milango ile iliwahi kubandikwa magazeti kutoka juu hadi chini, kila ufa, ili gesi isivuje, kama zawadi iliyofungwa na mtu mwenye wasiwasi. Wao wanaona vidonge vya kijivu vya kuua wadudu vikiwekwa kati ya magunia, kufuli linafungwa, basi. Sisi tuliokuwa pale tunajua kwamba kazi ile ilikuwa na adabu zake, na aliyezijua adabu hizo kuliko wote ni mfukizaji tuliyemwita Pua.

Lilikuwa jina la utani, maana pua ndicho kiungo ambacho hakikumfaa kazini. Gesi aliyoitumia kuua wadudu wa nafaka, methili bromaidi, haina rangi, na harufu yake unaishtukia ukiwa umekwisha kuivuta ya kukutosha. Pua alitegemea taa. Ilikuwa taa ndogo ya shaba iliyowaka kwa spiriti, yenye mpira mrefu kama mkonga wa kuvutia hewa kutoka popote unapotaka kupima. Katikati ya moto kulikuwa na pete ya shaba. Hewa ikiwa safi, moto hauna rangi ya kutajika. Ikiwa na gesi ile, moto unageuka kijani, na gesi ikizidi unakuwa bluu, nawe unatoka mbio bila kuaga.

Mimi nilikuwa mpimaji wa mizani pale langoni. Shule niliiacha kabla haijanitosha, kwa hiyo kila nilichokiona nilikwenda kukitafuta vitabuni. Nilisoma kwamba bromini yenyewe, iliyomo ndani ya gesi ile, ni kimiminika chekundu kinachokaribia weusi, kinachofuka moshi hata kikiwa kimetulia chupani, na kwamba jina lake linatokana na neno la Kigiriki la uvundo. Hupatikana katika maji machungu yanayobaki chumvi ikishaganda. Karatasi za picha za wakati wetu zilikuwa nayo. Dawa za kutuliza walizokunywa wazee wetu zilikuwa nayo. Hata plastiki za televisheni zimetiwa bromini zisishike moto upesi. Nilipomweleza Pua, alitingisha kichwa.

"Kumbe ukoo mkubwa hivyo," akasema. "Mimi nimeishi na mtoto wao mtundu tu."

Wageni walishangaa kumwona akifungua mitungi mikono mitupu. Hakuvaa glavu wala saa, na pete ya ndoa aliiacha nyumbani juu ya msumari. Alinieleza kwamba tone la dawa likiangukia ngozi tupu linakauka upesi, lakini likinaswa chini ya pete au ndani ya glavu linababua kama maji ya moto. Miguuni alivaa viatu vya kitambaa, akavitundika kwenye waya nje kila alipomaliza kazi, pamoja na nguo zake, vipigwe upepo. Ngozi na mpira vinaifyonza gesi, alisema, kisha vinaitoa polepole kama mtu mwenye kinyongo.

Nyumbani alikuwa na mke mshonaji. Huyu mama alikulia katika nyumba ya baba mlevi, na alipokubali kuolewa na Pua, ambaye ujanani hakuwa mgeni wa vilabu, alimwekea sharti moja: siku atakayorudi amelewa, ndiyo siku atakayomkuta ameondoka. Pua aliacha pombe, na hakuigusa tena. Jioni alikaa karibu na cherehani na kumtungia mkewe uzi kwenye sindano, maana macho yake yalikuwa makali kuliko ya fundi mwenyewe. Nilipopita kuwasalimu niliwakuta hivyo, wakibishana kuhusu watoto wao ambao walikwisha kuhama zamani.

Ndipo akaja meneja mpya. Alikuja na nia njema, jambo ambalo hunitia hofu kwa meneja yeyote. Aliitazama taa ya shaba akasema ni kitu cha kuwekwa makumbusho, akaleta kisanduku cha betri cha kupimia gesi kwa namba. Akavitazama viatu vya kitambaa, akaona haya kwa niaba ya kampuni. Akamletea Pua buti za ngozi, nene, zinazofika karibu na magoti, zenye harufu ya dukani.

Pua alijua. Siwezi kumtetea hapo. Lakini alikuwa hajawahi kumiliki buti kama zile, na alipotembea sakafuni zilitoa mlio wa mtu mkubwa. Nilipomkumbusha maneno yake mwenyewe, alizigonga kwa vidole. "Ngozi nene hivi, gesi itapitia wapi?" Kuzitundika nje alikataa, wasije wakazibeba wezi. Akazihifadhi chini ya kitanda, upande anaolalia yeye, mlango na dirisha vimefungwa. Taa ya shaba aliichukua kabla haijatupwa, akaiweka kabatini kama picha ya marehemu.

Mabadiliko yalikuja taratibu. Kwanza uzi ulianza kumshinda. Alisema anaona matundu mawili na hajui atunge lipi. Kisha mikono ikatetemeka. Kisha ulimi ukawa mzito, maneno yakaanza kugongana mdomoni, na asubuhi moja aliegemea ukuta wa ofisi kama mtu aliyeshushwa kwenye meli. Makuli walicheka. Mmoja alimuuliza pombe hiyo inauzwa wapi, na wao wapate.

Mkewe alimnusa kinywa kila jioni na hakukuta kitu. Hilo halikumtuliza, lilimchoma zaidi. Baba yake alikuwa bingwa wa kuficha, akitafuna majani na vitunguu, na yeye akaamini kwamba mumewe amepata njia iliyo bora zaidi. Akaikagua chupa ya spiriti ya taa, akaikuta imejaa kama siku iliyonunuliwa. Mwishoni akamwita kaka yake, dereva wa lori, aje amrudishe kwao.

Nilikuwepo siku hiyo, kwa kuwa Pua aliniomba nije niseme ninavyomjua. Kaka mtu aliingia, akakataa kiti.

"Shemeji," akasema, "tembea kutoka hapo hadi mlangoni. Fuata ufa huo wa sakafu."

Pua alianza vizuri. Hatua chache tu, akayumba, akashika cherehani. Hakuna aliyecheka.

"Sijanywa, shemeji."

"Hata mimi nikinywa husema hivyo hivyo."

Sanduku la mama lilikuwa tayari mlangoni. Lakini huyu mama hakuwa mtu wa kuondoka na swali. Alisema kabla hajatoka nyumba ile ataiona hiyo chupa kwa macho yake, ajue ni kitu gani kisicho na harufu kilichomshinda. Alikwisha kupekua kabati, dari na pipa la maji. Palibaki chini ya kitanda, na huko kulikuwa giza. Akachukua taa iliyokuwa karibu, ile ya shaba aliyokuwa ameitoa kabatini, akaiwasha, akapiga magoti na kuisukuma mbele, mkonga wake ukiburuta sakafuni.

Tulisubiri kusikia chupa zikigongana.

"Baba Watoto," akaita kwa sauti ndogo. "Njoo uniambie. Huu moto mbona wa kijani?"

Pua alitambaa hadi pale. Mkewe aliusogeza mkonga kwenye mdomo wa buti, kijani kikakolea; akauondoa, kikafifia; akaurudisha. Alifanya hivyo mara kadhaa, kama mtu anayebonyeza swichi mpya. Miaka yote alikuwa akisikia habari za moto ule, na hakuwahi kuuona.

"Zitoe nje," Pua akasema, ulimi ukimlemea. "Fungua dirisha. Tutoke wote."

Kaka mtu ndiye aliyezitoa, kwa ncha ya ufagio, mikono imenyooka kama aliyebeba nyoka. Kisha akarudi akalishika sanduku, akamwangalia dada yake, akaliweka chini.

Hospitali walimpima damu, na mpimaji wa maabara akarudia kipimo mara ya pili. Mashine ilisema chumvi ya mwilini imepita kiasi, akamuuliza Pua kama anakunywa maji ya bahari. Daktari aliposikia habari za buti ndipo akaelewa: bromini na klorini ya chumvi ni ndugu wanaofanana mno, na mashine ile ilikuwa imemwita mmoja kwa jina la mwingine. Nilipenda hilo kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma. Hata mashine ilimsingizia, ila yenyewe ilimsingizia kitu kilicho karibu na ukweli.

Alipumzishwa kazi kwa muda mrefu. Ulimi ulirudi, miguu ikarudi, mikono haikurudi yote. Meneja alizichoma buti, jambo jingine la kijinga, maana gesi ilitoka na moshi, na viatu vya kitambaa vikarejea kwenye waya. Baadaye gesi yenyewe ilipigwa marufuku karibu kila mahali, kwa sababu ikitoka ghalani haifi. Hupanda juu, na bromini yake huila ozoni inayotukinga na jua, kwa ukali kuliko klorini. Nilimsomea Pua habari hiyo. Akauliza kama wakubwa walioipiga marufuku walikuwa na taa ya kuwaonyesha, au waliisikia kwenye miguu yao kama yeye.

Taa ipo kwake bado. Wajukuu wanaiona ni pambo, na hakuna anayeuliza ule mkonga ni wa nini.

Na mkewe? Sanduku lilikaa pale pale mlangoni majuma mengi. Alisema hana nafasi ya kulipandisha juu ya kabati, ana nguo za watu. Jioni moja nilipoingia nililikuta limefunguliwa, limejaa vipande vya vitambaa. Yeye alikuwa amemnyooshea mumewe sindano na uzi bila kumtazama, mguu umetulia juu ya pedali. Pua alilenga, akakosa, akalenga tena. Nguo ya mteja ilikuwa ikisubiri, na mteja mwenyewe alikuwa amekaa kibarazani. Mama hakuinyang'anya ile sindano.