Mirehani ya Marui

Mwaka jana, hapa Kibaha, niliwapa wasichana wa kidato cha pili kazi ya Kiingereza: waeleze kwao palivyokuwa zamani na palivyo sasa. Mmoja akasimama kusoma. Kwao ni Marui, huko Kisarawe, kwenye kiwanja ambacho baba yake alikinunua kwa watoto wa marehemu fundi cherehani. Chaki ikanitoka mkononi. Fundi huyo alikuwa baba yangu.

Akasoma kwamba zamani nyuma ya nyumba palikuwa na mirehani mingi, na sasa pana banda la kuku. Hakukosea hata neno moja. Wenzake wakampigia makofi.

"Hiyo mirehani mliipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Tuliing'oa, mwalimu. Si ilijiotea tu?"

Haikujiotea. Niliipanda mimi, juu ya kaburi la mwanangu aliyeishi siku tisa. Kwetu kaburi la kichanga hatulijengei. Tunapanda mrehani, basi. Siku ya kuuza kiwanja nilidhani kaka ameshamwambia mnunuzi. Kaka naye alidhani nimesema mimi. Wajinga wawili, tena tumesoma!

Nilitaka kumfokea yule mtoto. Kwa kosa gani? Nikamwekea vema, nikaokota chaki, maana darasa lilikuwa linangoja mfano wangu. Nikaandika ubaoni, kwa Kiingereza, kwamba zamani, kila Ijumaa, nilikuwa nikimwagilia mirehani.

Wote wakainama, wakanakili.