Mjomba Faki wa Besi ya Pili

Harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi bado hunisimamisha. Juzi, hapa Ilford, London, nilipita mbele ya fundi viatu aliyekuwa akilainisha mkoba wa zamani, na papo hapo nikakaza taya kama mtu anayengoja kupigwa. Ndivyo ilivyonukia glavu ya Mjomba Faki, ile kubwa ya kudakia mpira wa besiboli. Kila Ijumaa akitoka msikitini aliipaka mafuta yaleyale tuliyopaka nywele. Wachezaji wenzake Waingereza walimcheka, lakini glavu yake ilikuwa laini kuliko zao zote.

Mchezo huo aliusoma skuli, Unguja, kwa mwalimu wa Kijapani, akaukuta tena London, kwenye uwanja wa wazi karibu na fleti yake Thamesmead. Siku za kazi aliwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Jumapili alilinda besi ya pili, kimoja cha vituo wanavyokimbilia wachezaji, katika timu ya daraja la chini kabisa. Kazi ya mlinzi, niwaelezeni, ni kudaka mpira mgumu kama jiwe na kumgusa nao mkimbiaji kabla hajafika. Mkimbiaji naye huja akiteleza, miguu mbele, na viatu vyake vina meno ya chuma. Miundi ya Mjomba ilikuwa makovu matupu. Mwaka mmoja timu ya daraja la juu ilimwita. Mwezi huohuo baba na mama walikufa katika ajali ya gari, na sisi watoto watatu tukaletwa kwake na mifuko yetu. Timu ile ilicheza mbali. Hakwenda.

Watu wa ustawi wa jamii walimtilia shaka: mwanamume asiye na mke, fleti ndogo, kazi ya zamu. Walisema huenda Suleiman na Rukia, wadogo zangu, wakapelekwa kwa familia mbalimbali, na mimi kwingine. Mama mmoja wa ofisi hiyo angekuja Jumatano kutuona kabla ya kuamua. Nilikuwa na miaka kumi na tatu.

Jumapili kabla ya Jumatano hiyo tulikaa kwenye nyasi tukimtazama. Timu ya wageni ilikuwa na jamaa mmoja mwenye shingo nene, mwekundu kwa jua. Mara ya kwanza alipoteleza hakulenga besi, alilenga mguu. Damu ikapenya soksi ya Mjomba.

"Pole, babu," akamwambia, na wenzake wakacheka.

Mara ya pili alikuja na kiwiko, kikampasua Mjomba mdomo. Mjomba akatema damu, akainua glavu kumwonyesha refa kwamba mpira umo ndani. Mara ya tatu jamaa aliguswa, akatolewa tena, yaani auti, akasimama na kumpiga ngumi ya pua. Mlio wa pua niliusikia pale nilipokaa, kama karoti ikivunjwa. Timu zote mbili zikaingia uwanjani. Kofia ngumu zikarushwa, mtu akapigwa teke la mbavu, mwingine akakabwa shingo mpaka macho yakamtoka. Katikati yao Mjomba alikuwa amekumbatia mpira kifuani kwa mikono yote miwili. Akapigwa, akaanguka. Akainuka, akapigwa tena.

"Mpige, Mjomba! Mpige!" nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nikachomoka kukimbilia kule.

"Mama, rudi!" Mjomba akapaza sauti; aliniita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Washike wadogo zako!"

Kwenye basi alikaa na leso ya karatasi puani, watu wakimkwepa.

"Kwa nini hukumpiga?" nikamuuliza.

"Alikuwa auti," akasema. "Mara zote tatu." Akajaribu kucheka, mdomo ukatoka damu upya.

"Baba angempiga."

"Angempiga, ndiyo."

Nikahamia kiti cha nyuma nisionekane naye.

Nyumbani akajikanda manjano na mafuta usoni, kama bibi alivyokuwa akiwafanyia yeye na mama walipoanguka utotoni. Uvimbe ulipungua, lakini rangi ikakataa kutoka. Jumatano alimfungulia mgeni mlango akiwa na uso wa njano na zambarau. Akamwekea chai na sambusa. Mgeni akasema kazi yake haimruhusu kula kwa watu.

"Kula, bibie, hii si rushwa, ina nyama tu."

Hakula. Alimtazama pua, akauliza kulikoni. "Mpira," akasema Mjomba. Basi yule mama akanichukua mimi chumbani, akarudisha mlango, akaniuliza kama mjomba wetu ni mtu wa kupigana.

Kwetu mkubwa wako humvunjii heshima mbele ya mgeni. Lakini bado nilikuwa na aibu ya Jumapili.

"Yeye?" nikasema kwa sauti. "Hawezi kumpiga mtu! Walimkanyaga, wakamvunja pua mbele yetu, na mkono hakunyanyua. Hata mimi nilimwambia ampige. Hakupiga!"

Yule mama akaniomba nirudie polepole. Tulipotoka aliketi mezani, akachukua sambusa moja.

Tulibaki watatu pamoja kwa Mjomba. Jicho moja la Mjomba, lililopigwa katika vurugu ile, halikupona sawasawa, hakuweza tena kuuona mpira ukija, na besi ya pili akapewa mwingine. Nilipofika kumi na sita niliacha skuli nikaingia kazini kwake, wadogo zangu waendelee na masomo. Huko, asubuhi moja, mzee niliyekuwa nikimwogesha alichanganyikiwa akanipiga kofi zito la uso. Mkono wangu ulipanda wenyewe. Kuushusha kulinitoa jasho, na hapo ndipo nilipoielewa Jumapili ile.

Jioni nilimuuliza Mjomba kama siku ile ya mgeni aliyasikia maneno yangu.

"Neno kwa neno, mama," akasema. "Nilisimama nyuma ya mlango nikimwomba Mungu usinyamaze."