Bahari Isiyo na Chumvi

Harufu ya kwanza ya bahari niliyoijua ilikuwa ya tope. Watu wa pwani husimulia upepo wa chumvi, lakini mimi nilipokewa na tope jeusi la mikoko, lenye harufu ya yai viza, asubuhi tulipoteremka kwenye gari katika hifadhi ndogo ya pwani. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka Dodoma kwenda harusini, na kabla ya kurudi baba aliazima gari la mwenyeji wetu ili Bibi, mama yake, apumzike siku moja penye miti na utulivu. Bibi alikuwa mkulima wa Busi, kule Kondoa, na hakuwahi kuiona bahari. Mimi pia sikuwahi, ila mimi nilikwenda kikazi.

Kazi yangu ilikuwa chupa. Mdogo wangu Rajabu alibaki nyumbani Makole na mama, tetekuwanga imemjaa mwili mzima, amepakwa dawa nyeupe usoni na amenuna. Mwalimu wake alikuwa amewaambia darasani kwamba maji ya bahari hayanyweki kwa chumvi, na Rajabu, ambaye hakubali jambo kabla hajalionja, alinipa chupa yake ya shule niijaze. Nilimwapia kwamba nitamletea. Tulikuwa wawili tu kwa wazazi wetu, tulilala chumba kimoja, na hatukuwahi kudanganyana katika jambo la kiapo.

Sasa bahari yenyewe haikuwepo. Mbele yetu palikuwa na mchanga, kisha tope, kisha mizizi ya mikoko imesimama kama miguu ya viti, na mbali kabisa mstari unaong'aa ambao baba alisema ndio wenyewe. Askari wa hifadhi, mtu mpole mwenye buti kubwa, alitueleza kwamba maji yamekupwa, tusishuke kwenye tope, na mchana yatarudi. Bibi alimshukuru kwa adabu. Askari alipoondoka, Bibi alimwambia baba kwa huruma kwamba masikini, hata huku wanajipa moyo kuwa yatarudi.

Kisha akafanya alichofanya maisha yake yote mto unapokauka. Alitafuta mahali ambapo kijito kikavu kilitokea msituni, akapiga magoti, akachimba mchanga kwa kifuu cha nazi. Maji ya kwanza aliyamwaga. Ya pili akayamwaga. Akangoja yatulie, akazungushia kisima matawi makavu ili ng'ombe wasikanyage, ingawa ng'ombe hapakuwa hata mmoja, halafu akanipa mimi nionje kwanza, maana kwake kisima kipya kilionjwa na mtoto. Yalikuwa baridi, na hayakuwa na chumvi hata chembe. Nilichanganyikiwa. Bibi alisema mto ukikauka maji yake hujificha mchangani, kwa hiyo haya ndiyo bahari. Nilijaza chupa huku moyo ukinisuta.

Tulikula chapati, baba akalala kivulini, ndege wakaitana mikokoni. Sijui tulikaa muda gani katika raha ile. Ghafla Bibi alisimama. Maji yalikuwa yanatambaa kati ya mizizi, kimya kimya, na angani hapakuwa na wingu.

"Korongo linashuka," alisema. "Pandeni juu."

Kwetu, maji yanayokuja korongoni, yaani kwenye mto mkavu, bila mvua yana maana moja tu: imenyesha milimani, na yanakuja na magogo na mbuzi wa watu. Baba, aliyesoma hadi chuo, alikimbia kabla hajafumbua macho vizuri. Mimi nililia niachwe nibadilishe maji ya chupa, lakini mkono wa Bibi ulikuwa wa jembe. Garini baba alicheka mpaka akafuta machozi, akajaribu kumweleza, lakini Bibi alikataa kushuka tena, na gari lilitakiwa kabla ya alasiri.

Tuliporudi nyumbani, Rajabu alionja akiwa kitandani. Akaamka, akaenda bombani, akaonja maji yetu ya Makole, ambayo kila aliyeishi Dodoma anaijua chumvi yake.

"Ya kwetu yana chumvi zaidi," alisema. "Hukwenda."

Iliniuma sana, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi sikuwa na hakika tena. Bahari niliikuta haipo, nikainywa haina chumvi, kisha ikatufukuza. Kwa miaka mingi nilikuwa nikijiuliza usiku kama kweli nilikwenda.

Bibi hatunaye tena. Rajabu ana karakana ya kuchomelea mageti Kizota, na nikisema jambo lolote asiloliamini, hujibu, "Kama ile bahari yako." Wateja wake hucheka, nami hucheka nao, lakini huwa nachomwa. Siku hizi kuna treni ya haraka, na safari iliyotuchosha kutwa nzima basini tuliimaliza asubuhi tu, mimi na yeye, mwaka huu. Hifadhi ina kibanda cha tiketi na daraja la mbao. Safari hii maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye miti. Rajabu aliyaonja, akatema, akanigeukia tayari kwa utani wake.

Utani haukuja. Alikitazama kile kijito kikavu, akakiendea, akapiga magoti, akachimba kwa mikono yake yenye makovu ya moto, kama Bibi alivyotufundisha sote kule Busi wakati wa likizo. Ya kwanza akayamwaga. Ya pili akayamwaga. Akangoja, akanikingia kiganja nionje kwanza, kisha akanywa yeye maji yale yasiyo na chumvi, taratibu, akiwa amefumba macho.

"Ulikwenda," akasema, nami nikaanza kuokota matawi makavu ya kuzungushia kisima.