Mto Kalwizi na Mstari Nilioukosea

Siku ya kwanza ya kazi, shefu wa brigade, kikosi chetu cha wapima mawe, alinipa nyundo, dira na kichupa cha asidi. "Jiwe ikitoa povu, ile ni chokaa," aliniambia. "Kama haitoe, endelea kutembea." Nikatembea hadi siku ya kustaafu, kutoka Kamina mpaka Bukama na Kaniama, nikichora karte, yaani ramani, za mawe na maji.

Ninyi mnaoianza kazi hii nitawaeleza habari za kamto kamoja tu, Kalwizi, kwenye vilima vya upande wa Kaniama. Mtu mzima anakaruka bila kulowa. Juu kanapita kwenye mawe magumu meupe, kisha kanaingia kwenye chokaa. Maji huila chokaa polepole na kuiacha na matundu kama jino bovu. Kiangazi, Kalwizi kalifika kwenye shimo moja kakapotea.

Kampuni moja ya barabara ilitaka kuweka kambi pale, na mafuta machafu ya mashine yamwagwe shimoni. Nilitumwa kuchunguza. Kwa kuwa tabaka za mawe zililala kuelekea magharibi, nilichora mstari: maji ya shimo yanakwenda magharibi, kusikokaa mtu. Nilikuwa na haraka. Sikuteremka kijijini, upande wa mashariki.

Niliporudi kuweka alama za mipaka ya kambi, mkulima mmoja mjane, Mama Ngoy, alinisimamisha.

"Papa, ni kweli ile shimo njo itakuwa pubeli yabo, ya kutupa buchafu?"

"Ndiyo, mama. Maji yake inaenda ngambo ingine."

"Nani alikuambia? Tukitwangaka mahindi kule juu, pumba tunatupa mu shimo. Inatokeaka mu kisima yetu."

Sikubishana, ila sikumwamini. Tukamwaga gunia zima la pumba shimoni. Kesho yake asubuhi tulichuchumaa kwenye chemchemi ya kijiji, ambayo wao huiita kisima. Maji yalitoka safi, nikaanza kupumua. Kisha zikaja pumba, chache, halafu nyingi, zikizunguka kati ya ndoo za wanawake.

Mama Ngoy hakunicheka. "Sasa enda ubaambie," alisema.

Nikapanda pikipiki, siku nzima, hadi Kamina. Shefu alisikiliza akiwa amesimama.

"Nani alichora hii mstari?"

"Ni minyi, shefu."

"Karte ilisha kufika Lubumbashi, na jina na sinyatire yako juu."

"Njo maana nimekuja mwenyewe."

Akanisukumia karatasi. "Andika barua. Useme kosa ni yako, si ya brigade."

Niliandika. Kambi ikahamishiwa kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, usiopitisha maji, mbali na shimo. Ukuu wa kituo cha Kaniama, niliokuwa nimeahidiwa, akapewa mwenzangu. Niliumia, sitawaficha, lakini usingizi sikukosa.

Leo magoti yangu hayapandi vilima. Vijana wananionyesha karte kwenye simu, nzuri kuliko zetu. Mimi huwauliza kama wameshuka hadi mahali watu wanapochota.

Katika barua ile nilimtaja Mama Ngoy kuwa "mwenyeji mmoja" tu, kana kwamba hakuwa na jina. Mwaka jana nilikwenda kumwomba radhi. Binti yake alinipokea, akaniambia mama alishafariki. Akanichotea maji ya chemchemi kwa kikombe. Nikavua kofia, nikayanywa yote.