Kigoda Katikati ya Barabara

Mwaka ule wa tisini na nane, mama anayesuka viondo hapa Gitothua alianza kuweka kigoda chake katikati ya barabara inayoshuka kwenye chemchemi tunakochota maji sote. Anakaa hapo tangu asubuhi, anasokota uzi wa katani kwenye paja. Malori yaliyobeba kifusi cha kuifukia chemchemi yanapiga honi mpaka yanachoka. Mgonjwa au jeneza likipita, anainuka, anasogeza kigoda, halafu anakirudisha palepale. Mwangangi wa bucha humfokea kila siku: "Sheria ni sheria, mama! Barabara si yako!" Yeye anasokota tu.

Siku moja polisi wakaja na Landrova. "Mama, inuka." Hakuinua macho. "Ngoja kwanza nimalize huu mzunguko wa kiondo, kijana wangu." Afande akangoja, dereva wa lori akitukana. Mzunguko ulipokwisha, mama akakata uzi kwa meno, akapanda Landrova mwenyewe, kiondo kwapani. Lori likanguruma. Mwangangi akatoka buchani na aproni yake ya damu, akaokota kigoda. Nilidhani anafungua njia. Akakipangusa, akakirudisha palepale, akakikalia.